Kapsuli za CLA, kijiko cha nazi na kitambi kisichosikia

"Nina miaka 43, nauza vifaa vya ujenzi hapa Arua. Urefu wangu ni sentimita 172, uzito kilo 91. Mikono na miguu ni myembamba tu, lakini kitambi kinaingia mlangoni kabla yangu. Cha ajabu, suruali bado navaa saizi 36, ile ile ya nilipooa. Mwezi uliopita nilipimwa presha kwenye kituo cha afya, ikawa 142 kwa 90. Rafiki yangu anayekwenda Kampala kufuata mali aliniletea kapsuli za mafuta ya CLA. Nameza mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku. Mwingine akanishauri ninywe kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi kila asubuhi kabla ya kula, eti yanayeyusha mafuta ya tumbo. Wiki 7 zimepita, mizani iko pale pale. Sasa wananiambia niongeze mafuta ya samaki. Mama watoto anasema pesa yote inaishia kwenye makopo. Mtaalamu, kati ya mafuta haya ni yapi hasa yanayoondoa kitambi? Au nimekosea kipimo?"

Ndugu yangu, kipimo hukukosea. Umekosewa wewe, na watu wawili wenye nia njema. Unachouliza ni mafuta gani uyanywe ili mafuta ya tumbo yaondoke, na kabla sijakujibu moja moja, tupige hesabu kama ile unayoipiga dukani jioni.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9 hivi. Yawe ya nazi, ya alizeti, ya samaki au yale mawese mekundu yanayovuka kutoka Kongo, tofauti ni ndogo mno. Gramu moja ya posho kavu au sukari haifiki hata nusu ya hapo, ni kama 4. Kapsuli zako 6, kama kila moja ina gramu moja ya mafuta, ni kalori 54. Kijiko kikubwa cha nazi ni kalori 120 hivi. Jumla inapita 170 kila siku. Zidisha kwa siku 49, unavuka 8,000. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700. Kwa hiyo kama sahani yako haikubadilika, wiki hizi 7 umejimiminia kilo nzima ya mafuta huku ukitafuta kupunguza mafuta. Ikiwa mizani imebaki pale pale, basi kuna kitu ulikipunguza bila kujua. (Au unajipima kwenye mizani ya misumari. Hiyo usiiamini kwa mwili wa mtu.)

Sasa hilo neno "kuyeyusha". Ndilo linalouza makopo haya, kwa sababu kila mmoja wetu ameona mafuta ya kuganda yakiyeyuka kwenye kikaango na akilini tumbo linakuwa kikaango. Mafuta ya mwilini hayajaganda. Kwa joto la nyuzi 37 tayari ni laini, yamekaa ndani ya chembe kama mafuta kwenye chupa ndogo ndogo. Kinachozuia yasitoke ni homoni. Ukila, hasa wanga na sukari, insulini inapanda na kuziambia chembe zile zifunge milango na kuweka akiba. Ukikaa muda bila kula, au ukitembea kwa nguvu, insulini inashuka, adrenalini inapanda, milango inafunguliwa, mafuta yanaingia kwenye damu. Hapo bado hayajaondoka. Yakifika kwenye misuli na misuli haina kazi, yanazunguka na kurudi akiba. Yakikuta misuli inafanya kazi, yanachomwa.

Na yakishachomwa yanatokea wapi? Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walipiga hesabu hiyo: katika kila kilo 10 za mafuta ya mwili yanayochomwa, kilo 8.4 zinatoka kama hewa ya kaboni tunayoipumua, na kilo 1.6 zinakuwa maji. Unapungua kwa kupumua, ndugu yangu. Muuzaji akikuambia dawa yake itakufanya uone mafuta chooni, ujue ni mambo mawili: ama ni orlistati, ambayo huzuia karibu theluthi ya mafuta ya chakula yasifyonzwe (hayo ni mafuta ya chakula cha jana, hayakuwahi kuwa kitambi), ama ni dawa ya kuharisha.

Kwa nini basi tumbo peke yake linajaa na mikono inabaki mikavu? Kuna mafuta ya chini ya ngozi, yale unayoweza kuyafinya kwa vidole, na kuna mafuta ya ndani yaliyozunguka utumbo na kukaa karibu na ini. Wanaume tuna tabia ya kuweka akiba huko ndani. Wanawake wengi huweka kwenye makalio na mapaja mpaka hedhi ikome, ndipo na wao tumbo linapoanza. Mafuta ya ndani ndiyo yenye kelele. Damu inayoyapitia inaingia moja kwa moja kwenye ini, ini linapokea asidi za mafuta kupita kiasi, linaanza kujaa mafuta lenyewe, na insulini inapoteza nguvu. Presha yako ya 142 kwa 90 inawezekana imetokea katika familia hiyo hiyo, ingawa kipimo kimoja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa wa presha.

Suruali ya saizi 36 imenichekesha kidogo, usinikasirikie. Wanaume wengi wanaokuja kwangu hapa Kampala wananiambia vivyo hivyo. Saizi haikubadilika kwa sababu mkanda ulishuka. Siku ya harusi uliufunga juu ya kitovu, leo unaufunga chini ya tumbo, kwenye mifupa ya nyonga, na mifupa hainenepi. Chukua futi ya fundi cherehani. Simama, vua shati, tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho na juu ya mfupa wa nyonga, halafu zungusha futi katikati ya hapo. Pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Kwa mwanaume, sentimita 94 ni onyo na kuanzia 102 hatari imepanda sana. Kwa mama watoto, 80 na 88. Kuna kipimo kingine rahisi zaidi: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Wewe nusu yako ni 86. Saizi 36 peke yake, kwa inchi, ni sentimita 91, na hapo hatujapanda juu ya tumbo lenyewe.

Tuje kwenye makopo.

CLA ni aina ya asidi ya linoleiki inayopatikana kiasili kwenye maziwa na nyama ya wanyama wanaocheua. Wenzetu wa Ankole na eshabwe yao ya samli wameila tangu kale kabla haijapewa jina. Sifa zake zilianzia Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwenye maabara ya Michael Pariza. Mwaka 1997 walionyesha kwamba panya waliolishwa chakula chenye asilimia 0.5 tu ya CLA walikuwa na mafuta ya mwili chini ya nusu ya wenzao. Ukisikia hivyo, hata mimi ningenunua. Lakini mtu si panya. Mapitio ya majaribio 18 ya binadamu yaliyochapishwa mwaka 2007 yalikuta waliotumia kama gramu 3.2 kwa siku walipoteza gramu 90 za mafuta kwa wiki zaidi ya waliopewa kapsuli tupu, na kasi hiyo ilififia baada ya miezi sita. Kwa wiki zako 7 hiyo ni kama gramu 600. Uzito wa glasi mbili za maji ulizokunywa kabla ya kupanda mizani unatosha kuificha.

Ningeishia hapo kama tatizo lingekuwa udogo wa faida tu. Kuna jambo linalokuhusu wewe zaidi. CLA ya maziwani ni karibu yote ya umbo moja. Ya kapsuli hutengenezwa kiwandani kwa kugeuza mafuta ya mbegu, na inakuwa mchanganyiko wa maumbo mawili, karibu nusu kwa nusu. Mwaka 2002 huko Uppsala, Sweden, Ulf Risérus na wenzake waliwachukua wanaume 60 wenye vitambi, watu kama wewe kabisa, wakawapa gramu 3.4 kwa siku kwa wiki 12. Waliopewa lile umbo la pili peke yake, likiwa safi, insulini yao ilizidi kupoteza nguvu kwa asilimia 19 na sukari ya asubuhi ikapanda kidogo. Kapsuli yako ina mchanganyiko, kwa hiyo siwezi kukuambia yatakupata yale yale. Ila mtu mwenye kitambi na presha inayonyemelea, ambaye hajawahi kupima sukari, kwa nini acheze na kitu hicho kwa ajili ya gramu 90 kwa wiki? Acha. Hazihitaji kupunguzwa polepole, acha tu.

Mafuta ya nazi yana hadithi ya kuazima. Kuna mafuta yanayoitwa MCT, yenye minyororo ya wastani, ambayo hayapiti njia ndefu ya mafuta mengine. Yanatoka utumbo na kwenda ini moja kwa moja, na mwili unayachoma haraka. Majaribio yaliyojumlishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba watu waliotumia MCT badala ya mafuta ya kawaida walipungua kama nusu kilo na kiuno sentimita moja na nusu. Naomba usome tena maneno mawili hapo: badala ya. Hakuna aliyeambiwa aongeze kijiko juu ya chai na mandazi. Halafu MCT ya majaribio ni ile ya minyororo ya kaboni 8 na 10. Kwenye nazi, hizo mbili kwa pamoja ni kama asilimia 15 au chini; karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya loriki, ambayo kwa sehemu kubwa inapita njia ndefu kama mafuta mengine.

Kuna utafiti mmoja wa Brazil, mwaka 2009, ambao wauzaji wa nazi wanaupenda sana. Wanawake 40 wenye vitambi, mililita 30 kwa siku, wengine za nazi, wengine za soya, wiki 12. Wa nazi kiuno kilipungua sentimita 1.4. Wasichokitaja wauzaji ni kwamba wanawake wote waliagizwa kupunguza chakula na kutembea dakika 50 kila siku, na uzito ulishuka katika makundi yote mawili. Mimi nikiona mtu ametembea dakika 50 kila siku kwa wiki 12, siulizi alikula mafuta gani. Mafuta ya nazi pia hupandisha kolesteroli mbaya ukilinganisha na alizeti au soya, na ndiyo sababu mwaka 2017 Shirika la Moyo la Marekani lilishauri watu wasiyatumie. Kuungia mboga mara moja moja hakuna shida. Kuyanywa kama dawa asubuhi ni jambo lingine.

Mafuta ya samaki, kwa haki, ni dawa ya kweli kwa kazi yake. Kwa dozi kubwa ya gramu 4 za omega-3 kwa siku, inayoandikwa na daktari, hushusha trigliseridi, mafuta yanayozunguka kwenye damu. Kiuno hayakigusi kwa kiasi cha maana. Na kapsuli ya kawaida ya dukani yenye gramu moja huwa na omega-3 kama miligramu 300 tu, iliyobaki ni mafuta mengine. Hapo Arua mna angara, na mukene sasa wako kila soko. Kula samaki mara mbili au tatu kwa wiki, wakichemshwa au kuungwa kwa karanga kidogo, utapata omega-3 na protini inayokushibisha mpaka jioni. Kapsuli haijamshibisha mtu.

Kuna neno ulilipitisha haraka nami nataka kulirudia: mikono na miguu myembamba. Mara nyingi ni umbile tu la mwanaume anayekaa sana. Misuli imepungua, tumbo limeongezeka. Lakini yapo mengine. Kama unatumia dawa za ARV, na sikuulizi hapa hadharani, zile za zamani zilijulikana kwa kuhamisha mafuta kutoka miguuni na usoni kwenda tumboni, na dolutegraviri ya sasa imehusishwa na kuongezeka uzito. Usiache dawa. Waambie kliniki yako, na waambie pia kila kopo unalotumia: orlistati imewahi kuhusishwa na ARV kupoteza nguvu, na vidonge vyenye kalsiamu au chuma vinazuia dolutegraviri isifyonzwe vizuri vikimezwa pamoja bila chakula. Sababu nyingine ni vidonge vya deksamethazoni, ambavyo baadhi ya watu hununua ili wapate hamu ya kula na mashavu. Uso unakuwa mviringo, tumbo linajaa, miguu inakonda, sukari na presha zinapanda. Kama umevitumia kwa muda, usikate ghafla, mwone daktari.

Tena si kila tumbo kubwa ni kitambi. Huko West Nile kichocho cha Mto Nile na homa ya ini aina ya B vimeharibu maini mengi. Tumbo la kitambi linakua kwa miaka. Tumbo lililojaa kwa wiki au miezi michache, likawa gumu au likavutika kama ngoma, pamoja na miguu kuvimba, macho kuwa ya njano, kutapika damu au kukonda usoni, hilo halina dawa kwenye kopo. Nenda hospitali ya rufaa ya Arua siku hiyo hiyo, usisubiri soko lifungwe.

Hata bila dalili hizo, nataka uende kituo cha afya mwezi huu. Presha ipimwe tena katika siku mbili tofauti, ukiwa umekaa dakika 5 kwanza. Sukari ipimwe asubuhi kabla ya kula. Kama kipimo cha mafuta ya damu na cha ini vinapatikana, vifanyike. Ukipimwa ukiwa bado unameza makopo, sema. Na akitokea mtu mwingine na "dawa ya mitishamba" ya kupunguza tumbo kwa siku 10, kumbuka sibutramini: dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya moyo, na ambayo imekuwa ikikutwa imefichwa ndani ya vidonge vinavyouzwa kama majani. Kwa presha yako hiyo ni hatari kweli. Kama chupa haina usajili wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA, iache.

Basi ufanye nini? Sitakuandikia chakula cha wiki nzima, maana sijui mnapika nini. Nitakupa jambo moja la kuanzia, na nimeona likifanya kazi kuliko ratiba nyingi nilizowahi kuandika. Mkinunua dumu jipya la mafuta ya kupikia, andika tarehe juu yake kwa kalamu ya alama, zile unazoandikia mabomba dukani. Likiisha, hesabu. Familia ya watu 6 ikimaliza lita 5 kwa wiki 3, kila mmoja amekula mililita 40 kwa siku, yaani kalori zaidi ya 300, kabla ya karanga, simsim na chapati za barabarani. Kaa na mama watoto, mkubaliane dumu lifuatalo lifike wiki 5. Hiyo kwako peke yako ni karibu kalori 130 kwa siku, na hukununua kitu.

La pili ni vinywaji. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vidogo 8. Bia kubwa mbili za jioni zinapita kalori 400, na ini linashughulikia pombe kwanza, mafuta yanasubiri foleni. Sisemi usinywe kamwe. Nasema nyama choma ya Jumamosi ina afadhali kuliko kinachoishushia.

La tatu, vijana wako wanabeba mifuko ya saruji ya kilo 50 na wewe unakaa kaunta kuandika risiti. Wao hawana kitambi. Mazoezi ya kujikunja tumbo yatakukaza misuli iliyo chini ya mafuta, mafuta yenyewe hayatajua. Kinachoyafikia yale ya ndani ni kutembea kwa kasi ya kutoa jasho, dakika 30, siku 5 kwa wiki. Habari njema ni kwamba mafuta ya ndani huwa ya kwanza kuitikia, kiuno kinaweza kupungua hata mizani ikiwa imegoma. Ndiyo maana nataka futi ya fundi, mara moja kila wiki mbili, asubuhi, mahali pale pale. Ukipoteza kilo 5 kwa miezi minne au mitano, presha ya juu inaweza kushuka alama 5 hivi. Wengine hupungua zaidi, wengine kidogo, na baadhi watahitaji dawa ya presha hata hivyo. Hilo si kushindwa.

Kapsuli zilizobaki mpelekee mfamasia azitupe, usimgawie jirani mwenye kitambi. Chupa ya nazi mkabidhi mama watoto aungie mboga, na siku akiitumia hiyo, dumu lisiguswe.